Kipimo cha Nne na Penseli ya Baba

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nyingi ni za mitihani. Hizo zitasubiri. Ya kwanza hapa chini imenikaa kichwani tangu nilipoifungua, kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa, na waliobaki nimewajibu kwa kifupi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi seremala, Keko. Kijana wangu yuko kidato cha nne, ananiambia muda ni dimensheni ya nne, eti Einstein ndiye aliyesema. Nikamwambia sawa, shika futi tukapime. Nilikuwa na kabati la nguo la mninga: kwenda juu futi sita, upana futi nne, kina futi mbili kasoro. Nimelizunguka lote, sikuona pa kuweka futi mara ya nne. Kijana akacheka. Mwalimu, hiki kitu ni kweli au ni maneno ya kwenye simu? Na kama muda ni kipimo kama urefu, mbona ubao naupima kwenda na kurudi, lakini jana siwezi kuirudia? – Fundi wa Keko

JIBU: Marahaba, fundi. Kijana hajakosea, na wewe hujakosea kumdai futi. Bahati nzuri jibu lako nililikuta mezani kwetu nikiwa bado mtoto, kwa hiyo nianzie huko.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Tulikaa kota za reli, na kazi yake ilikuwa kuchora. Si picha: treni. Mezani kwake ofisini ilitandikwa karatasi kubwa yenye mistari myembamba kama ya daftari la hesabu. Ubavuni mwa karatasi, kutoka juu kwenda chini, ziliandikwa stesheni za Reli ya Kati kwa mfuatano wake: Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Mikese, Morogoro, Kimamba, Kilosa, mpaka unachoka. Kutoka kushoto kwenda kulia zilipangwa saa ishirini na nne. Simu inalia: treni ya mizigo imepita Soga. Baba anatazama saa ya ukutani, anaweka nukta pale mstari wa Soga unapokutana na dakika hiyo. Simu nyingine, nukta nyingine. Anaziunga kwa penseli na rula. Zamu ikiisha karatasi imejaa mistari ya mshazari, mingine inashuka kwenda bara, mingine inapanda kuja Pwani, kama mkeka ulioachwa katikati ya kusukwa.

Karatasi zilizokwisha kazi alizileta nyumbani, tukajaladia madaftari. Daftari langu la sayansi lilikuwa na safari ya treni ya Kigoma mgongoni. Ndipo aliponifundisha kuisoma michoro hiyo. Mstari uliosimama sana ni treni yenye haraka. Uliolegea ni ya polepole. Uliolala kabisa, sambamba na ukingo wa karatasi, ni treni iliyosimama. Hapo nilimbishia. Kama imesimama, mbona bado unaichora?

Akasema, "Imesimama Ruvu, lakini haijasimama saa nne. Inatoka saa nne inakwenda saa tano, pale pale Ruvu."

Fundi, jibu lako ndilo hilo. Yanayofuata ni kupiga msasa.

Reli ile ilikuwa njia moja. Treni mbili zinazotazamana hupishana stesheni, yenye njia ya pembeni. Mistari miwili ikikatana kwenye karatasi katikati ya Soga na Ruvu, mtu amekwisha kufa. Lakini angalia kosa liko wapi. Kufika kilomita ile si kosa, kila treni hufika. Kosa ni kufika kilomita ile dakika ile. Ukitaka kutaja jambo lililotokea relini unahitaji namba mbili, kilomita na saa. Reli ni kama kamba, mahali pake panatajwa kwa namba moja tu, kwa hiyo muda unakuwa wa pili. Nenda Magogoni: pale pantoni la Kigamboni linakatiza njia ya meli zinazoingia bandarini. Juu ya maji unahitaji namba mbili za mahali, muda unakuwa wa tatu, na nahodha akikosea hiyo ya tatu hakuna atakayemsifu kwa kupatia mbili za mwanzo. Ndani ya karakana yako mahali panataka namba tatu. Muda ni wa nne. Neno "dimensheni" limewafanya watu wadhani kuna mtaa wa nne uliofichwa mahali, wenye mlango. Ndiyo maana darasani nilisema kipimo: ni idadi ya namba unazotakiwa kutaja ili mtu asipotee.

Tuje kwenye futi yako. Hukupata pa kuiweka kwa sababu tumezoea kupima muda kwa chombo kingine na kwa jina jingine, kama mtu anayeuza kitambaa kwa yadi na kamba kwa pima, akaja kudhani urefu wa kitambaa na urefu wa kamba ni vitu tofauti. Kinachogeuza sekunde kuwa mita ni kasi ya mwanga: mita 299,792,458 kwa sekunde. Namba hiyo haina mkia, kwa sababu tangu 1983 mita yenyewe imefafanuliwa kwa kasi hiyo. Ukigawa sekunde moja vipande bilioni unapata nanosekunde, na ndani ya nanosekunde moja mwanga unakwenda sentimita 30 hivi. Wewe unaijua kwa jina lake: futi moja, kasoro unywele.

Kwa hiyo kabati lako ni futi sita, kwa nne, kwa mbili kasoro, na likikaa chumbani sekunde moja tu, kwenye kipimo cha nne lina urefu wa kilomita 299,792. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa. Kabla mteja hajamaliza kusema "kabati la nguo la mninga, milango mitatu", urefu huo umeshapita mwezi. Si kwamba hakuna pa kupimia. Kitu chenyewe ni chembamba mno kwa pande tatu na kirefu mno kwa upande wa nne, na wewe uliyeshika futi unanyooka nacho sambamba, sekunde kwa sekunde.

Mtu makini atasema: kuandika saa pembeni ya mahali ni ugunduzi gani huo? Kweli kabisa. Mfaransa d'Alembert aliandika mwaka 1754 kwamba mwerevu mmoja anayefahamiana naye anaona muda waweza kuhesabiwa kipimo cha nne. Wazo ni la zamani, na baba yangu hakuwa Einstein. Lililobadilika baadaye ni jinsi vipimo hivyo vinavyochanganyika, na kulieleza hilo narudi kwenye pantoni.

Pantoni linakwenda, wewe unatembea kuelekea mbele. Kwa aliyesimama ufukweni, kasi yako ni ya pantoni ukijumlisha ya miguu yako. Sasa washa tochi kuelekea mbele. Ungetazamia mwanga nao upate nyongeza ya pantoni. Haupati. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley, mjini Cleveland, Marekani, walitumia dunia nzima kama pantoni, maana inalizunguka jua kwa kilomita 30 hivi kila sekunde. Wakaitafuta tofauti hiyo kwa chombo chepesi kuhisi kuliko vyote vya wakati wao. Wakatoka mikono mitupu. Mwaka 1905 Einstein, akiwa mtumishi wa ofisi ya hataza (hati za kulinda uvumbuzi) mjini Bern, aliamua kuuamini mwanga: kasi yake ni moja kwa aliyesimama na kwa anayekwenda. Lakini kasi ni umbali uliogawanywa kwa muda. Kama jibu halilegei, basi umbali na muda ndivyo vinavyolegea.

Vinalegea kwa utaratibu gani? Hilo lilionyeshwa tarehe 21 Septemba 1908 mjini Köln, Ujerumani, na Hermann Minkowski, ambaye alipata kumfundisha Einstein hesabu kule Zürich na hakumwona kuwa mwanafunzi wa bidii. Einstein naye mwanzoni hakuvutiwa na kazi ya mwalimu wake, ila alipokuja kukamilisha nadharia yake ya uvutano mwaka 1915 hakuweza kwenda bila hiyo. Minkowski hakuyaona. Kidole tumbo kilimwua Januari 1909, ana miaka 44.

Utaratibu wenyewe unao karakanani. Unapotaka kujua kama kona ya kabati ni mraba unapima futi tatu ubavu huu, futi nne ubavu ule, na mshazari ukitoa tano, kona imekaa. Tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne kumi na sita, jumla ishirini na tano, na hiyo ni tano mara tano. Kwenye ubao mshazari siku zote ni mrefu kuliko ubavu. Minkowski anasema: muda ukiingia, usijumlishe. Toa.

Mtu anaondoka duniani kwa chombo chenye kasi ya tatu ya tano ya mwanga. Sisi tuliobaki tunahesabu miaka mitano, yeye amefika umbali wa miakanuru mitatu (mwakanuru ni umbali ambao mwanga unakwenda kwa mwaka mmoja). Tano mara tano ni ishirini na tano. Ondoa tatu mara tatu, tisa. Inabaki kumi na sita, yaani nne mara nne. Saa iliyo mkononi mwake inasema miaka minne. Si kwamba imeharibika, wala hajihisi tofauti: ndevu zake zina miaka minne, njaa yake imekuwa ya miaka minne. Pembetatu ni ile ile ya Keko, ila mshazari umegeuka kuwa mfupi.

Nimefundisha hesabu hiyo miaka thelathini na mitatu, na kila mwaka nikifika kwenye alama ile ya kutoa chaki ilikuwa inasita. Alama moja! Ingekuwa ya kujumlisha, muda ungekuwa ubao mwingine tu, na jana ungeigeuza juu ya meza kama unavyogeuza mlango wa kabati.

Na hapo ndipo swali lako la pili lilipo. Nilipokuwa na miaka saba hivi nilichukua penseli ya baba nikachora treni yangu. Ikatoka Dar es Salaam, ikafika Morogoro, kisha kwa kuwa karatasi upande wa kulia ilikuwa imeisha nikaukunja mstari kushoto, nikairudisha Dar. Baba aliutazama mchoro, hakunigombeza. Akasema, "Treni hii inafika kabla haijaondoka. Abiria watajikuta wanajipokea wenyewe stesheni." Akachukua kifutio.

Treni huenda Morogoro na kurudi, hilo halina shida. Mstari unashuka, kisha unapanda. Lakini wakati wote unasogea kulia. Ili ukunje kushoto, lazima upite kwanza mahali ambapo umesimama wima, na mstari wima maana yake treni iko Pugu na Ruvu na Ngerengere kwa dakika moja, kasi isiyo na mwisho. Minkowski anakukatalia hata kabla hujafika hapo: hakuna mstari wa kitu chenye uzito unaoruhusiwa kusimama kama ule wa mwanga, achilia mbali kuupita, kwa sababu kadiri unavyoikaribia kasi hiyo ndivyo nishati inayotakiwa inavyopanda bila kikomo. Penseli haifiki wima. Isipofika wima, haina pa kugeukia.

Iko sababu nyingine, nayo imelala sakafuni kwako. Ukipiga randa, ubao unakuwa takataka za randa. Kanuni za mwendo wa kila chembe, ukizitazama moja moja, hazijali mbele wala nyuma. Zingeruhusu vipande virudi vikawa ubao. Lakini namna za kutawanyika hazihesabiki, na namna ya kujipanga tena kuwa ubao ule ule ni kama moja tu. Ludwig Boltzmann, mwanafizikia wa Vienna, ndiye aliyelipigia hesabu jambo hilo katika karne ya 19. Kwa hiyo hata asiyejua habari za mwanga anajua mshale wa muda unaelekea wapi: anatazama ufagio.

Kabla sijakuachia, chukua gogo moja la mtiki. Tuseme urefu wa gogo ni muda na unene wake ni mahali. Ukilipitisha msumeno kwa mkato ulionyooka, uso uliopata ni "sasa" yako: vyote vinavyotokea kwa pamoja, hapa na mbali. Anayekwenda kwa mwendo kuhusiana nawe hukata gogo hilo hilo kwa mshazari. Gogo halijabadilika, ila uso alioupata, yaani "sasa" yake, si wako. Karibu karibu mikato hiyo haitofautiani kwa kitu, ndiyo maana tunaweza kupangana saa kumi na tukakutana. Mbali sana inaachana. Watu wawili wanapishana kwa miguu, kila mmoja kilomita tano kwa saa (ningesema Mtaa wa Kongo, lakini pale hakuna apataye nafasi ya kutembea hivyo, basi iwe Samora asubuhi ya Jumapili). Mmoja anaelekea upande wa galaksi ya Andromeda, mwingine anaipa mgongo. Andromeda iko kama miakanuru milioni 2.5 kutoka hapa. "Sasa" ya mmoja kule na "sasa" ya mwingine zinapishana kwa siku nane na zaidi. Hakuna kati yao atakayeiona tofauti hiyo. Mwanga wa Andromeda unaoingia machoni mwao leo uliondoka kule miaka milioni 2.5 iliyopita. Lakini hesabu ndiyo hiyo, na mimi hulala vizuri nikijua kwamba neno "sasa" ni la mtaa wetu, si la ulimwengu mzima.

Umesema unataka kupima. Watu wamepima. Oktoba 1971 Wamarekani wawili, Joseph Hafele na Richard Keating, walizinunulia tiketi saa nne za atomu (saa zinazohesabu muda kwa mitikisiko ya atomu za sesiamu), wakazunguka nazo dunia kwenye ndege za kawaida za abiria, mara moja kwenda mashariki, mara moja kwenda magharibi. Zikarudi kulinganishwa na zilizobaki. Safari ya mashariki zilikuwa zimechelewa nanosekunde 59, ya magharibi zimetangulia nanosekunde 273. Tofauti inatoka kwenye kasi, kwenye kimo cha ndege, na kwenye dunia yenyewe inayozunguka kwenda mashariki. Na kila siku bodaboda anayefuata ramani ya simu kuja karakanani kwako anatumia hesabu hiyo bila kujua. Setilaiti za GPS, zinazoiambia simu iko wapi, ziko kilomita 20,200 hivi juu. Kwa ajili ya kasi, saa zake hupoteza mikrosekunde 7 kwa siku (mikrosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa vipande milioni). Kwa ajili ya kuwa mbali na uvutano wa dunia, huongeza 45. Zinabaki 38 za ziada kila siku. Zidisha kwa kasi ya mwanga: ni zaidi ya kilomita 11, kama kutoka Posta kufika Ubungo na kupitiliza. Ndiyo maana saa hizo hupunguzwa mwendo kidogo hapa duniani kabla hazijarushwa.

Kijana umwambie amepata, ila akukabidhi futi yako.

SWALI: Mwalimu, nafanya kazi ghorofani katikati ya mji, kama mita 150 kutoka chini. Nasikia wanaokaa juu wanazeeka haraka kuliko walio chini. Ni kweli? Niombe posho? – Dada wa Posta

JIBU: Ni kweli, na usiombe. Uvutano ukipungua saa hukimbia. Kwa mita 150 ungemtangulia mlinzi wa getini nusu mikrosekunde kwa mwaka, kama ungelala huko huko juu mwaka mzima bila kushuka. Ukifanya hivyo miaka sitini utakuwa umemzidi mikrosekunde thelathini na kidogo. Kufumba na kufumbua kunachukua muda mrefu kuliko huo mara maelfu. Anayetaka tofauti ya kuonyesha watu akakae kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, apate mikrosekunde 20 kwa mwaka ukilinganisha na sisi wa Pwani. Baridi itamzeesha kabla ya Einstein. Lifti ikiharibika ndiyo udai posho.

SWALI: Kama muda ni kipimo, sifuri yake iko wapi? Kwa nini sisi ni saa moja asubuhi na Waingereza ni saa saba? – Mwanafunzi, Mbagala

JIBU: Sifuri iko pale unapoamua kuanza kupima, kama fundi anavyoweza kuanza ncha yoyote ya ubao. Sisi tulioishi karibu na ikweta tulianzia macheo, maana hapa jua halichomozi saa za ajabu ajabu mwaka mzima. Waingereza, ambao jua lao la Juni na la Desemba ni majirani wasiosalimiana, wakaanzia usiku wa manane. Kwetu saa zote mbili zilikaa nyumba moja. Karatasi za baba zilihesabu kwa saa ishirini na nne, mama alihesabu Kiswahili. Baba akisema treni ya shangazi inaingia "tisa", mama anakwenda kumpokea alasiri, kumbe shangazi ameteremka saa tatu asubuhi na amekaa juu ya sanduku lake kutwa. Treni ilikuwa moja, shangazi mmoja, nukta kwenye mchoro moja. Zilizotofautiana ni namba za pembeni.

Na hata hiyo saa sita ya mchana usiiamini sana. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita karibu kabisa na Mogadishu. Dar iko kwenye nyuzi 39 na robo hivi. Kila nyuzi ni dakika nne, kwa hiyo kwa wastani wa mwaka jua letu hufika katikati saa sita na dakika 23. Kigoma, kwa saa hiyo hiyo ya ukutani, huliona kama dakika 38 baada yetu. Baba alilijua hilo bila ramani. Mtu wa Kigoma akilalamika kwenye simu kwamba bado giza, yeye alikuwa ameshazima taa.

SWALI: Toleo lililopita ulitaja kwa kupita kuwa baba yako alikuwa akichora treni. Nami nilikuwa huko huko, ila upande wa injini. Sisi ndio tuliokuwa hizo nukta. Je, mchoro hata mmoja umebaki? – Mstaafu wa reli, Temeke

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Umebaki mmoja, uliokuwa jalada la daftari langu la jiografia. Nilikuwa naukunjua mbele ya darasa kila mwaka tulipofika kwenye grafu za mwendo, mpaka mikunjo ikaanza kuachia. Mwaka niliostaafu niliuweka juu ya kabati, ndani ya bomba la karatasi, na mchwa wakaupata kabla yangu. Wamekula kuanzia Kilosa hadi Dodoma. Treni zote zinaingia Kilosa vizuri, zinapotea, kisha zinaonekana tena Dodoma, nyingine zimechelewa. Kwenye pembe ya chini bado kuna mwandiko wa baba, na alama ndogo ya kifutio, lakini sina hakika kama ni ya mstari wangu.

Fundi wa Keko, ukipata kioo cha futi nne kwa mbili na nusu nijulishe bei ya fremu. Mbao iwe ya mtiki, mchwa hawaipendi.